Biro ndani ya nyumba: historia ya meza, mlango na mwangaza



Leo tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakitafuta kimyakimya: fasi ya kufanyia kazi nyumbani. Mtu amemaliza lisansi, amepata kazi ya kutafsiri, ya kushika hesabu za duka, ya kuandika programu. Mteja iko Kinshasa, Nairobi ao Bruxelles. Biro hana. Anakaa juu ya kitanda, kompyuta kwenye magoti, shingo imepinda. Watu wa nyumbani wanaona mtu aliyekaa tu. Wanamwita shomeri, wanamtuma sokoni, wanamwachia watoto awaangalie. Jioni kazi haijaisha, mteja anakasirika, na mgongo unauma.

Wengi wanafikiri kwamba kufanyia kazi nyumbani ni jambo la juzi, lililoletwa na korona. Hapana. Ni biro ya kwenda asubuhi na kurudi jioni njo iko changa. Tukiijua hiyo historia, tutajua pia kitu gani ni cha lazima na kitu gani ni cha kujionyesha tu.

1. MANENO MAWILI

Tuanze na maneno yenyewe. "Ofisi" inatoka mbali katika Kilatini, kwenye neno lenye maana ya kazi ao wajibu. "Biro" tumeipata kwa Kifaransa, na asili yake ni ya kushangaza: lilikuwa jina la kitambaa kizito cha sufu. Kitambaa hicho kilitandikwa juu ya meza ya kuandikia. Pole pole jina likahama: toka kitambaa likaenda kwenye meza, toka meza likaenda kwenye chumba, toka chumba likaenda kwenye idara nzima ya serikali. Kwa hiyo biro ya kwanza haikuwa jengo la ghorofa. Ilikuwa kitambaa juu ya meza. Mtu alipokitandika, kila mtu alijua: hapa sasa ni kazi.

2. ZAMANI KAZI ILIKUWA NYUMBANI

Mbele ya viwanda, fundi wa vyuma, mfumaji na mfinyanzi walifanyia kazi kwenye lupango lao. Wafanyabiashara vilevile. Katika miji ya pwani kama Lamu na Zanzibar, nyumba ilikuwa na baraza mbele, kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Mgeni wa biashara alipokelewa pale, bei ikaongewa pale, na vyumba vya ndani vikabaki vya familia. Hilo neno lilisafiri hadi kwetu: mpaka leo katika Kongo, baraza ni ile sehemu ya mbele ya nyumba yenye kivuli. Angalieni vizuri: hawa watu walifanyia kazi nyumbani, lakini kazi na maisha ya ndani havikuchanganyika. Kulikuwa mpaka.

Majengo ya biro tupu yalikuja na serikali kubwa na kampuni kubwa. Mwaka 1560, mtawala wa Firenze huko Italia, Cosimo I, alimpa Giorgio Vasari kazi ya kujenga jengo moja la kukusanya idara zake. Jengo hilo ni Uffizi, na jina lake lina maana ya ofisi tu. Leo ni nyumba ya makumbusho ya sanaa. Huko London, kampuni ya biashara ya India ilijenga upya makao yake mwaka 1729, na makarani walikaa humo kwa mamia, wakinakili barua na hesabu. Baadaye ikaja mashine ya kuandikia: ile ya Remington ilianza kuuzwa mwaka 1874. Mashine zilikuwa za bei na za kelele, karatasi zilijaa makabati, na kila kitu kilipaswa kuwa karibu na kingine. Njo maana watu wakaitwa wakusanyike chini ya paa moja.

Kwetu, biro ilikuja na ukoloni. Karani alienda kwenye biro ya Bula Matari, ya reli ao ya kampuni. Nyumba za kambi za Union Minière du Haut-Katanga zilikuwa za kulala na kulea watoto, si za kufikiria. Tena nyumba ya msomi ilichunguzwa: wakati wa mpango wa immatriculation wa mwaka 1952, aliyeomba kuhesabiwa kama "aliyestaarabika" alikubali wakaguzi waingie kwake waone namna anavyoishi na familia yake. Urithi wa wakati ule tuko nao hata leo: kazi ya kweli ni ile ya kutoka asubuhi na shati limepigwa pasi. Anayebaki nyumbani, hata kama anatafuta pesa usiku na mchana, hahesabiwi.

3. WALE WALIOBAKI NYUMBANI

Hata hivyo, kuko watu waliobaki nyumbani na wakafanya kazi kubwa.

Michel de Montaigne, wa Ufaransa, aliacha kazi yake ya mahakama na mwaka 1571, akiwa na miaka 38, akajipanga katika mnara wa nyumba yake. Chini kulikuwa kanisa dogo, katikati chumba cha kulala, juu kabisa maktaba. Kwenye mbao za dari aliandikisha maneno ya Kigiriki na Kilatini aliyopenda kuyafikiria. Kutoka kwenye chumba hicho kilitoka kitabu chake cha Essais, toleo la kwanza mwaka 1580. Aina ya maandishi tunayoiita "ese" ilipata jina pale.

Charles Darwin alihamia kijiji cha Downe, karibu na London, mwaka 1842. Nyumba ilijaa watoto: alizaa kumi, saba wakafikia utu uzima. Na katika nyumba hiyo yenye kelele aliandika kitabu chake juu ya asili ya viumbe, kilichotoka mwaka 1859. Alifanya nini? Kiti chake alikitia magurudumu, ili aende toka meza moja mpaka nyingine bila kusimama. Aliandikia juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti. Na saa zake zilijulikana na nyumba nzima: asubuhi kazi, kisha kusikiliza barua zikisomwa, tena kazi mpaka saa sita, halafu kutembea kwenye njia yake ya bustani. Hakukaa mezani siku nzima. Alikaa saa chache, lakini saa hizo zilikuwa za kazi tu.

Si kila mtu alipewa mnara ao kiti cha namna hiyo. Jane Austen, mwandishi wa Uingereza, aliandikia kwenye meza ndogo sana katika nyumba ya Chawton, ambako alihamia mwaka 1809. Mtoto wa kaka yake alieleza baadaye kwamba mlango mmoja wa nyumba ile ulikuwa unalia ukifunguliwa, na Austen hakutaka utengenezwe: sauti ile ilimwambia kwamba mtu anakuja, apate kuficha karatasi zake. Mwaka 1929 Virginia Woolf alisema wazi katika kitabu: mwanamke akitaka kuandika, anahitaji pesa na chumba chake mwenyewe chenye kufuli. Dada zetu wanaosoma hapa wanaelewa bila maelezo. Kaka akifunga mlango, anafanya kazi. Dada akifunga mlango, anaulizwa chakula kiko wapi.

4. MAMA ALIYEJENGA KAMPUNI BILA BIRO

Historia ninayoipenda zaidi ni ya Stephanie Shirley. Alizaliwa mwaka 1933 huko Dortmund, Ujerumani, na mwaka 1939 alifika Uingereza kama mkimbizi, katika treni za watoto wa Kiyahudi waliookolewa kutoka kwa Wanazi. Akawa mtaalamu wa kompyuta. Alipoona kwamba mwanamke hapandishwi cheo, mwaka 1962 alianzisha kampuni yake ya kuandika programu, nyumbani kwake, na mtaji wa pauni 6.

Wafanyakazi wake karibu wote walikuwa wanawake walioacha kazi juu ya ndoa ao watoto. Katika watu 300 wa kwanza, wanaume walikuwa watatu tu. Kila mmoja alifanyia kazi kwake. Msifikiri walikuwa na kompyuta nyumbani: wakati ule kompyuta ilijaza chumba kizima. Waliandika programu kwa mkono, kwenye karatasi, wakazituma kwa posta. Walichohitaji ni meza, karatasi na simu.

Shirley alijua kwamba wateja watadharau. Barua zake zilipokosa majibu, bwana wake alimshauri atie sahihi "Steve", jina la kiume, na milango ikaanza kufunguka. Mtoto wake alipolia, aliweka kaseti yenye sauti ya mashine ya kuandikia, ili mteja kwenye simu asikie biro yenye shughuli. Na bei aliiweka kwa kazi nzima, si kwa saa: mteja alilipa matokeo, hakuhitaji kujua nani alikaa wapi. Programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde zilitoka kwa wanawake hao, kwenye meza za nyumbani.

Hapa tunajifunza maana ya neno "profesionali". Halikuwa zulia wala kiti cha ngozi. Lilikuwa barua iliyoandikwa vizuri, simu inayosikika, na kazi inayofika siku iliyoahidiwa.

5. KAZI INARUDI NYUMBANI

Mwaka 1973, wakati nchi za Kiarabu zilikataza mafuta yao na bei ikapanda, Jack Nilles, mhandisi wa Los Angeles, alikuwa anachunguza swali moja: kwa nini watu wachome mafuta kwenda kukaa mezani, kama simu inaweza kubeba kazi? Yeye njo alitoa jina la Kiingereza la kazi ya mbali. Lakini majaribio yake ya kwanza hayakuwa ya kila mtu kubaki chumbani mwake. Yalikuwa ya biro ndogo za mtaa, karibu na makazi ya wafanyakazi. Tukumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

Halafu kompyuta ikawa ndogo, ikawa ya kubeba. Mwaka 1980 kundi la John Goodenough huko Oxford lilionyesha kwamba kobalti inafaa katika batri ya litiamu, na mwaka 1991 Sony ikaanza kuuza batri hizo. Kobalti hiyo, zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani leo, inatoka Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Biro ya kubeba ya dunia nzima inatembea kwa udongo wetu, na sisi tunatafuta fasi ya kuchaji.

Umeme vilevile. Inga I ilianza mwaka 1972, Inga II mwaka 1982, zote mbili pamoja megawati 1.775 kwa hesabu ya mashine zake. Laini ya karibu kilometa 1.700 ilivutwa toka Inga mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi, na inapita juu ya vijiji vingi bila kuviachia hata taa moja. Kwa hiyo delestaji inapokata kazi yako katikati, si bahati mbaya yako peke yako. Iko na historia.

6. SASA TUFANYE NINI?

Tukichukua mafundisho ya hawa watu, tunapata mambo matano, na hakuna hata moja linalotaka pesa nyingi.

Mpaka. Kama chumba hakuna, chukua pembe moja ya saluni ao ya baraza, iwe ileile kila siku. Tandika kitambaa, kama wale wa zamani. Kikitandikwa, kazi, kikiondolewa, nyumba.

Saa. Waambie wazazi na wadogo zako: toka saa mbili mpaka saa sita niko kazini. Zishike na wewe mwenyewe. Watu wa nyumbani hawaheshimu kazi wasiyoiona ikianza na ikiisha.

Mwili. Mpolandi Wojciech Jastrzębowski aliandika juu ya elimu ya kazi na mwili tangu mwaka 1857. Kanuni zake za leo ni rahisi: miguu ifike chini, mgongo uegemee, viwiko viwe sawa na meza, na juu ya skrini kuwe sawa na macho. Weka kompyuta juu ya vitabu, ongeza kibodi ya pembeni. Kiti cha mbao na mto kinatosha. Kila saa moja simama, tembea kidogo kama Darwin.

Mwangaza na umeme. Kaa dirisha likiwa pembeni yako, si nyuma: skrini haitang'aa, na kwenye simu ya video uso wako utaonekana. Kazi nzito ipange kwa saa ambazo umeme unakuwako. Nunua batri ao pano dogo la sola mbele ya kununua kiti cha kifahari.

Mwisho, umoja. Wazo la biro ndogo ya mtaa linatufaa sisi kuliko watu wa Los Angeles. Wenzetu wanne ao watano wakikodi chumba kimoja, wakagawana sola, mega na meza, kila mmoja atalipa kidogo, na mama nyumbani ataona mtoto wake anatoka asubuhi.

Montaigne alikuwa na mnara juu ya mali ya baba yake. Shirley alikuwa na pauni 6 na simu. Wengi wetu tuko karibu na Shirley. Basi tusingoje mnara.

Na wewe, kwako pembe ya kazi iko wapi? Tuandikie hapa chini ulivyoipanga, na umeme unauzungukaje, mwenzako apate kujifunza.