Nani Yumo Kitabuni: Wahusika wa Hadithi za Kiswahili na Mkono wa Morogoro

Wahusika wa riwaya za mwanzo za Kiswahili walikuwa wageni. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard. Mwanafunzi aliyeisoma alifuatana na wasafiri wa Kizungu wakielekea kwenye mashimo ya almasi. Waafrika wamo, ila wametazamwa kwa jicho la mgeni. James Mbotela alipoandika Uhuru wa Watumwa (1934), Mwafrika alijisimulia mwenyewe, ingawa sifa tele walimiminiwa Waingereza.

Kisha mwandishi Shaaban Robert alibuni nchi kama Kusadikika. Muhammed Said Abdulla akamleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Pwani ilikuwa imepata sura yake. Mwanamke wa bara bado. Euphrase Kezilahabi alimwandika binti wa Ukerewe katika Rosa Mistika (1971), kitabu kikapigwa marufuku shuleni.

Mwaka uliofuata ilitoka Hatia, tamthilia ya Penina Muhando, baadaye Penina Mlama, mzaliwa wa Berega mkoani Morogoro. Kiini chake ni msichana aliyepata mimba nje ya ndoa. Zikafuata Heshima Yangu (1974), Pambo (1975) na, mwaka 1982, Nguzo Mama, iliyo kali kuliko zote. Humo wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo isiyosimama, kila mmoja akivutwa na shida za kwake. Wengi wao wanaitwa kwa namba, Bi Pili, Bi Nne, na kadhalika, hivyo msomaji hawezi kusema habari hizo ni za jirani fulani tu. Anayezisimulia ni Bi Msimulizi. Wakaguru wa Berega, kama Waluguru wa milimani, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Si haki kudai kwamba tamthilia imezaliwa na mila hiyo, lakini mwandishi aliyekulia huko hakuhitaji kufundishwa uzito wa neno "mama".

Mwaka 1996 Mlama na Amandina Lihamba walianzisha Tuseme, mpango uliowapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuigiza matatizo yao wenyewe.

Kwa watoto wadogo, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991. Ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzigawa shuleni, hivyo mchapishaji hakubeba hatari ya hasara peke yake. Kwa njia hiyo mtoto wa shule ya msingi Mwembesongo, kata ya mjini Morogoro, aliweza kusoma hadithi za watoto wa Tanzania kwa Kiswahili.

Mtoto akiingia sekondari, lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza. Takadini ya Ben Hanson (1997), iliyosomwa sana katika shule za Tanzania, inamweka mbele mtoto mwenye ualbino, mhusika aliyekuwa adimu mno. Ameandikwa kwa Kiingereza, na kijiji chake kiko Zimbabwe.