Mechi ikivunjika, kiingilio chetu huenda wapi?

Mechi inapovunjika, swali la kwanza barazani huwa ni nani atapewa pointi. La pili hutoka kwa yule aliyekaa pembeni akipekua mifuko yake: "Na kiingilio changu je?" Swali la kwanza lina vitabu vya kanuni, lina kamati, lina mawakili wa klabu, na likikwama kabisa lina Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Uswisi. La pili halina mwenyewe. Shabiki huambiwa asubiri tangazo, na tangazo likija linasema mechi itapigwa Jumatano saa tisa, kiingilio kama kawaida.

Hayo maneno "kama kawaida" ndiyo yamenifanya nikae niandike. Nitaeleza jinsi mambo yalivyo kikanuni, wenzetu kwingine wamefanyaje, na sheria ya Kenya inampa nini mtu aliyelipia dakika 90 akaonyeshwa 35.

Tuanze na maneno yenyewe, maana wasimamizi wa soka hupenda kuyachanganya. Mechi iliyoahirishwa haikuanza. Mechi iliyosimamishwa imekatizwa ikaendelea siku ile ile, kama Denmark na Finland mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen alipoanguka uwanjani. Wachezaji walirudi usiku huo huo na Finland ikashinda 1-0. Mechi iliyovunjika ni ile iliyoanza kisha refa akaimaliza kabla ya wakati wake: mvua, taa, vurugu, au mchezaji kuugua ghafla. Sheria ya 7 ya mchezo wa soka inasema mechi ya namna hii hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandalizi waamue vingine. Sheria inaishia hapo. Kuhusu aliyelipa mlangoni haisemi neno.

Sasa kurudiwa kuna njia mbili, na hapa ndipo suala la kiingilio linapopata uzito wake.

Njia ya kwanza ni kuanza upya, sufuri kwa sufuri. Tarehe 16 Desemba 2023 Bournemouth walikuwa wakicheza na Luton, 1-1, nahodha wa Luton Tom Lockyer alipoanguka dakika ya 59 baada ya moyo wake kusimama. Alhamdulillahi aliokolewa. Mechi ikavunjwa. Iliporudiwa tarehe 13 Machi 2024 ilianza dakika ya kwanza, mabao yale mawili yakafutwa. Luton wakatangulia 3-0 na bado wakafungwa 4-3.

Njia ya pili ni kuendelea pale mlipoachia. Italia hufanya hivyo. Udinese na Roma walivunja mechi dakika ya 72 tarehe 14 Aprili 2024, Evan Ndicka aliposhikwa na maumivu ya kifua, ikiwa 1-1. Walirudi tarehe 25 mwezi huo huo kumalizia dakika zilizobaki, Cristante akafunga dakika za nyongeza. Real Madrid nao, baada ya tishio la bomu kuwatoa watu Santiago Bernabéu Desemba 2004 zikiwa zimesalia dakika chache dhidi ya Real Sociedad, walirudi Januari 5 kucheza kipande hicho tu. Zidane akapiga penalti, wakashinda 2-1.

Ukiziangalia njia hizi mbili kwa jicho la aliyelipa, hoja inajitokeza yenyewe. Mechi ikianza upya, maana yake ile ya kwanza kikanuni haikuwepo. Mabao hayahesabiwi, na atakayeulizwa miaka kumi baadaye matokeo yalikuwa nini atataja ya siku ya pili. Basi ikiwa kwenye daftari la ligi mechi ile haipo, kwa nini kwenye sanduku la pesa iwepo? Klabu haiwezi kusema mchezo haukuchezwa inapohesabu pointi, kisha ikasema ulichezwa inapohesabu viingilio. Mechi ikiendelea kutoka ilipokatika, hoja ni fupi zaidi: nimelipia kitu kizima, nimepewa kipande, nidai kilichobaki.

Vilabu vingi vya Uingereza vimejaribu kulimaliza hili kwa kuliandika kwenye masharti ya tiketi. Viwango hutofautiana klabu kwa klabu, lakini mtindo uliozoeleka ni kutumia mapumziko kama mpaka. Ikivunjika kabla ya mapumziko shabiki anapata nafuu kubwa zaidi, ikivunjika baadaye anapata ndogo, mara nyingi nusu ya bei. Mimi mtindo huo siupendi sana, kwa sababu ile ile niliyoitaja ya matokeo kufutwa yote. Ila una jambo moja ambalo sisi hatuna: mtu anajua kabla hajalipa. Akiingia, ameingia kwa macho mawili.

Poland walipata mtihani wao tarehe 16 Oktoba 2012. Walikuwa wawakaribishe Uingereza mjini Warsaw katika uwanja wenye paa la kufungika, mvua ikanyesha paa likiwa wazi, na paa lenyewe haliwezi kufungwa mvua ikishaanza. Uwanja ukawa bwawa. Mechi ikapigwa kesho yake, 1-1, kwa tiketi zilezile. Kwa mwenyeji wa Warsaw hiyo ni haki. Kwa aliyetoka Manchester na ndege yake ya kurudi ni asubuhi, tiketi halali ya mechi asiyoweza kuiona ni karatasi tu. Buenos Aires mwaka 2018 mambo yalikuwa mazito zaidi. Fainali ya Libertadores kati ya River Plate na Boca Juniors ilikwama baada ya basi la Boca kushambuliwa kwa mawe, ikahamishiwa Madrid, ng'ambo ya bahari, ikachezwa Desemba 9. Hapo hapakuwa na ujanja wa kumwambia shabiki tiketi yake bado inafanya kazi. River wakarudisha pesa.

Nauli ndiyo sehemu ambayo sisi watu wa Pwani tunaielewa bila kuelezwa. Mechi ya Simba na Yanga kwetu si habari ya nchi jirani. Kuna vijana wa Likoni, Ukunda na Vanga ambao watani wa jadi wakikutana hufunga safari, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, mpaka Dar es Salaam, mchana kutwa ndani ya basi. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ilikuwa ianze saa 11 jioni Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku yenyewe ikasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaikataa saa mpya, wakaja kwa saa ya zamani, wakaondoka zao. Watu walikuwa wameshakaa vitini. Ilichezwa tarehe 3 Julai, Yanga wakashinda 1-0. Miaka minne baadaye, Machi 8, 2025, Simba wakasema hawachezi kwa kuwa walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani humo jioni ya kuamkia mechi. Bodi ya Ligi ikaahirisha siku hiyo hiyo, na mpira ukaja kuchezwa Juni 25. Kwa maana kali hizo ni mechi zilizoahirishwa, hazikuvunjika. Kwa aliyetoka Ukunda tofauti hiyo haipo. Tiketi hata ikikubaliwa siku mpya, nauli ya kwanza haikubaliwi popote, na wiki ya Juni huenda si yake, ni ya mwajiri wake.

Nyumbani tuna yetu. Msimu mmoja nilikuwa katika uwanja wa hapa Pwani, klabu sitaitaja, mvua ya masika ikashuka kipindi cha kwanza mpaka mpira ukawa unakwama kwenye maji kila ukipigwa chini. Refa akavunja, na kusema kweli alifanya sawa. Tulikuwa tumelipa shilingi 200 kila mmoja. Siku ya marudio nikaja na kipande changu cha tiketi. Kijana wa mlangoni akakitazama, akanirudishia kwa adabu, "Hizo ni za siku ile, baba." Nikauliza nani kaamua. Hakujua. Alikuwa kapewa kitabu kipya cha tiketi na kuambiwa auze. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na wanawe wawili waliovaa jezi, naye alikuwa na vipande vitatu vya siku ile mkononi. Akahesabu pesa zake mara mbili, kisha akawageuza watoto wakarudi zao kituoni. Mia sita kwa wengine ni chai na mahamri. Kwake siku ile ilikuwa ni chakula cha jioni, na alishaitoa mara moja.

Viongozi wa klabu wana lao la kusema, na si la kupuuzwa. Marudio yana gharama: marefa hulipwa tena, gari la wagonjwa hukodiwa tena, askari na walinzi vilevile, na kama uwanja si wako unalipa tena. Klabu nyingi za kwetu hazina mdhamini wa maana, na pesa za mlangoni huwa zimekwisha kabla jua halijazama. Hilo la mwisho ndilo tatizo lenyewe. Pesa za kiingilio zingekaa kando mpaka filimbi ya mwisho, hasara ya mvua ingekuwa ni gharama za siku moja tu, jambo ambalo klabu inaweza kulipangia bajeti au bima. Shabiki si bima ya klabu.

Mechi ikivunjwa na vurugu, mambo hubadilika kidogo. Aliyerusha chupa asirudishiwe hata ndururu, hapo sina ubishi. Lakini kwa kila mmoja aliyerusha kuna mia waliokuwa wakitafuta mlango wa kutokea. Klabu yenye hatia hupigwa faini, na faini hiyo huingia kwa wasimamizi wa mashindano. Sijaona sababu ya maana ya kutotenga sehemu ya faini kwa waliolipa wakakosa mchezo.

Zamani kulikuwa na kisingizio cha kweli: nani atajua nani alilipa? Tiketi ya karatasi ilichanwa mlangoni, nusu ikaanguka chini. Siku hizi tunalipa kwa simu. Mashindano ya CHAN ya Agosti 2025 yalitufundisha kwa nguvu. Baada ya vurugu za mageti Kasarani, idadi ya watu ilishushwa hadi 27,000 na tiketi zikawa za kielektroniki tu. Tiketi hizo zina uzuri na ubaya wake. Uzuri ni kwamba mwandalizi ana orodha nzima ya namba za simu na kiasi kilicholipwa, kwa hivyo pesa zinaweza kurudi kwa njia ile ile zilizojia. Ubaya ni kwamba msimbo ukishasomwa na mashine ya mlangoni huandikwa umetumika. Siku ya marudio mashine itaukataa, si kwa sababu kuna aliyeamua ukataliwe, bali kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifungua orodha upya. Mashabiki wakigombana na mashine hiyo wanagombana na uvivu wa ofisi.

Sheria inasemaje? Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike kikamilifu na alicholipia, na ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaongeza jambo ambalo wauzaji wa tiketi wangelijua wangelala macho wazi: mkataba ulioandaliwa na muuzaji ukiwa na utata, tafsiri inayomfaa mnunuzi ndiyo hufuatwa. Mimi nasoma hivi: tiketi iliyoandikwa jina la timu mbili na bei, bila neno lolote kuhusu mechi kuvunjika, ni mkataba wenye utata. Karatasi iliyobandikwa getini wiki mbili baadaye si sehemu yake.

Kwa anayetaka kudai, ushahidi ndio kila kitu. Usiufute ujumbe wa M-Pesa. Kipande cha karatasi kipige picha siku ile ile, kabla hakijaloa. Mlalamikie mwandalizi kwa maandishi kwanza, na akinyamaza kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Humo si lazima uwe na wakili, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa. Najua hakuna atakayekwenda mahakamani kwa shilingi 200. Ila matawi ya mashabiki yana wenyeviti, yana makatibu, na orodha ya watu 300 waliosaini barua moja si shilingi 200 tena, ni 60,000.

Barua hiyo iende kwa katibu wa klabu, nakala kwa wasimamizi wa ligi, ikitaja tarehe ya mechi, dakika ilipovunjika na kiasi kilicholipwa. Na siku ya marudio ikifika kabla ya jibu, onyesha tiketi ya kwanza mlangoni kabla hujatoa shilingi, kisha umuulize kwa upole anayeikataa ni nani aliyemtuma, na uliandike jina hilo.