Kesi ya Westgate: Ushahidi Uliothibitishwa, Taarifa Zilizokanganya na Mzigo Ulioangukia Eastleigh

MNAMO Oktoba 30, 2020, Mahakama ya Milimani jijini Nairobi iliwahukumu wanaume wawili kifungo kwa kuhusika katika njama ya shambulio la jumba la kibiashara la Westgate. Miaka saba ilikuwa imepita tangu watu 67 wauawe katika jumba hilo lililoko mtaani Westlands. Hukumu hiyo ilithibitisha mambo machache kwa ushahidi. Mengine mengi yaliyotangazwa na wakuu wa serikali, kisha yakaenezwa na magazeti, redio na runinga, hayakupata kuthibitishwa, na baadhi yake yalikanushwa na waliokuwa wameyatangaza.

Makala haya yanapambanua yaliyothibitishwa na yaliyodaiwa tu, na kueleza jinsi tofauti hiyo ilivyowaathiri wakazi wa Eastleigh, mtaa wa Eastlands ulio kilomita nyingi kutoka palipofyatuliwa risasi.

Mambo yasiyobishaniwa

Shambulio lilianza adhuhuri ya Jumamosi, Septemba 21, 2013. Watu waliojihami kwa bunduki na maguruneti waliingia Westgate na kuwamiminia risasi wateja, wahudumu na watoto waliokuwa kwenye shindano la mapishi katika eneo la kuegesha magari juu ya jengo. Kundi la Al-Shabaab lilikiri kuhusika kupitia mtandao wa Twitter, likisema lilikuwa likilipiza kisasi kwa majeshi ya Kenya kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011.

Waokoaji wa kwanza hawakuwa kikosi maalumu. Walikuwa raia wenye leseni za bunduki na polisi wachache, baadhi yao wakiwa wamevalia kiraia. Miongoni mwa raia hao alikuwamo Abdul Haji, Mkenya wa asili ya Kisomali na mwana wa aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, Mohamed Yusuf Haji. Picha zake akiwaokoa kina mama na watoto zilisambaa kote duniani.

Mzingiro ulidumu hadi Jumanne, Septemba 24. Siku hiyo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba magaidi watano walikuwa wameuawa na washukiwa 11 walikuwa kizuizini. Wakati huo, sehemu ya nyuma ya jengo ilikuwa imeporomoka na kuteketea. Mashaka mengi yaliyofuata yana asili yake katika kifusi hicho, kwa kuwa ndimo ushahidi muhimu ulimofukiwa.

Washambuliaji walikuwa wangapi?

Mnamo Septemba 23, mapigano yakiwa yanaendelea, Waziri wa Usalama wa Ndani Joseph Ole Lenku alisema washambuliaji walikuwa kati ya 10 na 15. Alieleza kuwa wote walikuwa wanaume, ila baadhi yao walivaa kama wanawake. Siku iyo hiyo, Waziri wa Mashauri ya Kigeni Amina Mohamed aliambia runinga moja ya Marekani kwamba miongoni mwao walikuwamo vijana wawili au watatu kutoka Marekani na mwanamke Mwingereza. Kwa siku moja, serikali moja ilitoa maelezo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kauli ya mwanamke Mwingereza iliwasha moto magazetini. Vyombo vya habari vya London na Nairobi vilimtaja Samantha Lewthwaite, mjane wa mmoja wa walipuaji wa Julai 7, 2005 jijini London. Mnamo Septemba 26, shirika la Interpol lilitoa ilani ya kumsaka kwa ombi la Kenya, na wasomaji wengi wakaichukua kuwa uthibitisho kwamba alikuwa Westgate. Ilani hiyo ilihusu mashtaka ya Desemba 2011 ya kumiliki vilipuzi na kula njama. Haikumhusisha na shambulio hilo, na hakuna ushahidi uliowahi kutolewa kwamba alikuwa ndani ya jengo.

Kanda za kamera za usalama zilipochunguzwa, zilionyesha washambuliaji wanne. Oktoba 5, 2013, msemaji wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF), Meja Emmanuel Chirchir, alitaja majina ya watu hao wanne. Baadaye wapelelezi walitaja majina tofauti. Aliyetambuliwa kwa uhakika zaidi ni Hassan Abdi Dhuhulow, kijana mzaliwa wa Somalia aliyelelewa mjini Larvik, Norway.

Kutoka 15 hadi wanne si tofauti ndogo. Anayeamini kwamba washambuliaji walikuwa 15 na kusikia kwamba miili michache tu ndiyo iliyopatikana, hana budi kuhitimisha kwamba wengine walitoroka. Uvumi uliodumu kwa miaka mingi ulizaliwa kwa hesabu hiyo.

Walikufa au walitoroka?

Mnamo Desemba 2013, Idara ya Polisi ya Jiji la New York ilitoa ripoti yake kuhusu shambulio hilo. Ilisema washambuliaji walikuwa wanne, wenye silaha nyepesi, na kwamba huenda walitoroka kabla ya mzingiro kumalizika. Maafisa wa Kenya waliipinga vikali.

Mwezi mmoja baadaye, Januari 2014, afisa wa Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) katika ubalozi wa Nairobi, Dennis Brady, alisema wapelelezi wake walishirikiana na wenzao wa Kenya kufukua kifusi. Kwa maelezo yake, mabaki ya watu watatu yalipatikana, wote wanne waliaminika kuwa wamekufa, na hapakuwa na dalili kwamba yeyote alitoroka.

Ripoti hizo mbili hazina uzito sawa. Ile ya New York ilitokana na taarifa zilizokusanywa bila ya kufukua mabaki. Kauli ya FBI ilitolewa na wachunguzi waliofika mahali penyewe na kushika vielelezo kwa mikono yao. Hata hivyo, ripoti ya kwanza ilitangazwa kwa vichwa vikubwa vya habari, na watu wengi bado wanaikumbuka kuliko ya pili.

Moshi, magodoro na mifuko ya ununuzi

Moshi mweusi ulipotanda juu ya Westgate, Ole Lenku alisema magaidi walikuwa wamechoma magodoro ndani ya duka la jumla la Nakumatt ili kuvuruga vikosi vya usalama. Maelezo hayo yalidhihakiwa mno, hasa sehemu ya jengo ilipoporomoka. Wengi walijiuliza ikiwa magodoro yanaweza kuangusha zege, au kama chanzo kilikuwa silaha nzito za jeshi.

Kisha zikaja kanda zilizoonyesha wanajeshi wakitoka Nakumatt na mifuko ya ununuzi. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Julius Karangi, alisema walikuwa wamechukua maji ya kunywa. Lakini mwishoni mwa Oktoba 2013, jeshi lenyewe lilitangaza kwamba wanajeshi wawili walifutwa kazi na kufungwa kwa wizi. Habari iliyokanushwa mwanzoni ikathibitika kuwa na ukweli ndani yake.

Wanahabari Mohammed Ali na John Allan Namu wa runinga ya KTN walipeperusha makala ya upekuzi mwezi huo huo wakitumia kanda hizo. Inspekta Jenerali wa Polisi, David Kimaiyo, aliwatisha kwamba wangechukuliwa hatua. Vyama vya wanahabari vilipinga vitisho hivyo, vikikumbusha kwamba Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33 na uhuru wa vyombo vya habari katika Kifungu cha 34.

Si vyombo vyote vilivyojipatia sifa. Gazeti moja la kitaifa lililazimika kuwaomba wasomaji radhi kwa kuchapisha katika ukurasa wa kwanza picha ya mwathiriwa aliyejaa damu. Makosa ya vyombo vya habari yalikuwa ya aina mbili: kurudia kauli za wakuu bila ya kuzipima, na kuwasahau waathiriwa kwa tamaa ya picha.

Eastleigh katika hati ya mashtaka

Mnamo Novemba 4, 2013, wanaume wanne wa asili ya Kisomali walifikishwa mahakamani. Miongoni mwa madai yaliyokuwa kwenye hati ya mashtaka ni kwamba mshukiwa wa ugaidi alipewa hifadhi katika mtaa wa Eastleigh. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kufyatua risasi. Wote walikana.

Kesi ilianza kusikizwa Januari 2014. Mshtakiwa mmoja aliondolewa mashtaka Januari 2019 kwa kukosekana ushahidi. Oktoba 7, 2020, Hakimu Mkuu Francis Andayi aliwapata Mohamed Ahmed Abdi na Hussein Hassan Mustafah na hatia ya kula njama ya kutenda ugaidi na kusaidia kundi la kigaidi. Nguzo ya hukumu ilikuwa rekodi za simu zilizoonyesha mawasiliano kati yao na washambuliaji. Abdi, aliyepatikana pia na hatia ya kumiliki nakala za kueneza ugaidi, alifungwa miaka 33, na Mustafah miaka 18. Miaka saba waliyokaa rumande iliondolewa katika vifungo hivyo.

Mshtakiwa wa tatu aliachiliwa huru. Siku iliyofuata, Oktoba 8, alitekwa nyara na watu waliojihami muda mfupi baada ya kutoka katika makao ya Kitengo cha Polisi cha Kupambana na Ugaidi. Mahakama ilikuwa imesema ushahidi dhidi yake hautoshi, na mtu aliyeachiliwa na mahakama alipaswa kwenda nyumbani.

Matokeo yanaweza kuhesabiwa hivi: kati ya washtakiwa wanne, wawili walipatikana na hatia na wawili hawakupatikana nayo. Nusu ya watu ambao picha zao zilichapishwa kama za wahusika wa Westgate hawakuthibitishiwa lolote.

Samaki mmoja na mtungo mzima

Eastleigh, ambao wakazi wake huuita Islii, ni kitovu cha biashara kinachotegemewa na wachuuzi kutoka pembe zote za Kenya na nchi jirani. Una Wasomali Wakenya, wakimbizi, na Wakenya wa jamii nyinginezo. Mtaa huo wenyewe umewahi kushambuliwa. Septemba 30, 2012, guruneti lilirushwa katika kanisa la Mtakatifu Polycarp kandokando ya Barabara ya Juja na kumuua mtoto. Novemba 18 mwaka huo, bomu lililipuka ndani ya matatu na kuua watu kadhaa. Baada ya mlipuko huo, wakazi wa asili ya Kisomali walipigwa na maduka yao kuporwa, na wengi wakalalamika kuteswa na polisi. Shirika la Human Rights Watch liliyaorodhesha mateso hayo katika ripoti ya mwaka 2013.

Msemo kwamba samaki mmoja akioza huoza wote ulitumiwa dhidi ya mtaa mzima baada ya Westgate. Milipuko ya Machi 31, 2014 ilipoua watu sita Eastleigh, serikali ilianzisha Operesheni Usalama Watch. Watu takriban 4,000 walikamatwa, na wengi walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) ilichunguza operesheni hiyo na kuikosoa kwa kukiuka haki za waliokamatwa.

Linganisha hesabu hizo. Upelelezi wa simu, uliofanywa kwa utulivu, ulizaa hukumu mbili katika kesi ya Westgate. Msako uliojengwa juu ya sura, lugha na anwani uliwakumba maelfu.

Tume ambayo haikuundwa

Mnamo Oktoba 1, 2013, Rais Kenyatta aliahidi kuunda tume ya kuchunguza jinsi shambulio lilivyotokea na jinsi lilivyokabiliwa. Tume hiyo haikuundwa. Kamati mbili za Bunge, zilizoongozwa na Asman Kamama na Ndung'u Gethenji, ziliandaa ripoti ya pamoja, lakini wabunge waliikataa Machi 2014 wakisema ilikuwa hafifu.

Norway, nchi alikolelewa Dhuhulow, ilifuata njia nyingine. Baada ya mashambulio ya Julai 22, 2011 yaliyoua watu 77, wengi wao vijana waliopigwa risasi kisiwani Utøya, serikali iliteua tume huru. Ripoti yake ilichapishwa Agosti 2012, ikawalaumu polisi waziwazi kwa kuchelewa.

Kenya ilichagua kubana zaidi. Sheria ya marekebisho ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014 ilijumuisha adhabu kwa wanaochapisha habari fulani kuhusu ugaidi. Mnamo Februari 2015, Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, kikiwemo hicho cha kuvibana vyombo vya habari.

Jinsi ya kupima taarifa

Kesi ya Westgate inampa msomaji vipimo vinne. Kwanza, kauli iliyotolewa mapigano yakiendelea ni ya muda, hata ikitoka kinywani mwa waziri. Pili, ilani ya kusakwa na hati ya mashtaka ni madai. Hukumu ndiyo huthibitisha. Tatu, ripoti ya aliyechunguza mahali pa tukio hupewa uzito kuliko ya aliyekusanya taarifa akiwa mbali. Nne, kukanusha kwa serikali hakutoshi kuufanya uvumi kuwa uongo, kama vile kurudiwarudiwa hakutoshi kuufanya kuwa kweli.

Westgate ilifunguliwa upya Julai 18, 2015, na maduka yakarejea. Hukumu ya Milimani ilijibu swali moja pekee: ni nani waliowasiliana na wauaji? Kwa nini vikosi vilichelewa, ni nini kiliangusha jengo, na ni waathiriwa wangapi wangeokolewa mapema? Hayo yalikuwa maswali ya tume, na familia za waliouawa hazijawahi kupewa ripoti yake.