Silsila ya Roff: Tarehe ya Watunzaji wa Kurasa za Mwongozo

Mwaka 1964, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Jerome Saltzer, alipokuwa akiandaa pendekezo la tasnifu yake ya udaktari, alitunga programu mbili, moja ya kuingizia maandishi katika kompyuta, na ya pili, aliyoiita RUNOFF, ya kuyapanga maandishi hayo katika kurasa zenye pambizo na nambari. Kanuni aliyoiweka ilikuwa nyepesi kushika: mstari ukianza kwa nukta, basi hayo si maneno ya msomaji, ni amri kwa mashine. Kanuni hiyo haijatanguka hata leo, na kila afunguaye ukurasa wa mwongozo katika mfumo wa Unix au Linux, awe Boston au Dar es Salaam, aghalabu husoma kitu kilichopangwa na mmoja katika wajukuu wa programu ile. Jina lilikatwa likawa roff, kisha wakazaliwa nroff, troff na groff. Nami nimeazimu kuisimulia nasaba hii kwa kuwataja walioipokea mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa umri wake mrefu hauelezeki bila wao.

Kutoka MIT sanaa hiyo ilifika Bell Labs, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey, ambako Doug McIlroy aliandika roff yake kwa lugha ya BCPL. Hapo ndipo Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakiunda Unix, wakitamani mashine kubwa zaidi wasiipate, mpaka ombi lao lilipogeuzwa likawa ombi la mashine ya kuandalia maandishi, ndipo wakubwa walipokubali kuinunua PDP-11. Ahadi ilitimizwa. Katika nusu ya pili ya mwaka 1971, wapiga taipu watatu wa idara ya haki za uvumbuzi walishinda wakiandika na kupanga maombi yao kwa roff, katika kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu, isiyokuwa na kinga ya kuitenga kazi ya huyu na ya yule, hata ikawa kila programu mpya ilipojaribiwa, wote waliokuwa kazini walikuwa katika hatari ya kupoteza jasho lao. Unix ililishwa na kazi ya kupanga maandishi tangu ilipokuwa changa, na jambo hili husahauliwa mno na wanaoisifu leo kwa mengineyo.

Tarehe 3 Novemba 1971 ulitoka mwongozo wa kwanza wa Unix, ambao McIlroy alikuwa ameusisitiza uandikwe. Kila amri ilipewa ukurasa wake wenye sehemu zilizopangwa: jina, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili yanayohusika, na sehemu mbili zinazonipendeza kupita zote. Ya kwanza ni ile ya dosari, ambamo mtunzi alikiri waziwazi mahali ambapo programu yake ilikuwa pungufu. Ya pili ni ile ya mwenyewe, iliyotaja kwa kifupi nani mwenye dhamana ya amri hiyo, ili aliyekwama ajue mlango wa kubisha. Sehemu hii ya mwenyewe iliondoka baadaye, na mimi naiona kuwa hasara, maana ukurasa usio na mwenyewe huzeeka bila wa kuuonea haya.

Aliyeibeba roff mbali zaidi ni Joe Ossanna. Maabara ilipopata mashine ya kupanga chapa kwa mwanga, iitwayo CAT, aliandika troff kwa lugha ya asembli ili kuiendesha mashine ile, kisha akaiandika upya kwa lugha ya C. Ilikuwa mistari 7,000 hivi, isiyo na neno hata moja la kumwongoza msomaji, na yote imefungamana na mashine hiyo moja ya CAT. Tazama ajabu ya jambo hili, kwamba chombo cha kutolea maelezo ya programu zote, msimbo wake wenyewe haukuwa na maelezo. Mwaka 1977 Ossanna alifariki kwa ugonjwa wa moyo, na siri ya mistari ile akaenda nayo.

Mrithi wake alikuwa Brian Kernighan. Kitabu alichokiandika pamoja na Ritchie kuhusu lugha ya C, kilichotoka mwaka 1978, kilipangwa kwa troff, kwa hiyo aliijua vyema kwa nje. Kuijua kwa ndani kulimlazimu kuifuata mistari ya marehemu hatua kwa hatua. Kazi aliyoianza mwaka 1979 ilikuwa kuitenga troff na CAT, ili ipange kurasa kwa mashine yoyote. Wanaotunza vyombo vya namna hii wanaijua kazi hiyo kwa uchungu: kurekebisha usichokiandika, bila kuvunja kurasa za watu ambao hawatajua kamwe kuwa uliwahi kuwapo.

Mwaka 1990 James Clark alitoa groff, troff iliyoandikwa upya tangu mwanzo ili iwe huru kwa kila mtu. Mtu huyu hakuishia katika kupanga, bali alikwenda upande wa kukagua: akatengeneza visomaji vya SGML, lugha ya kutia alama katika hati, na mwaka 2001, pamoja na Murata Makoto, akatunga RELAX NG, ambayo ni kanuni ya kusema ni kipi kiruhusiwe mahali gani ndani ya hati, akatoa na Jing, programu ya kuihukumu hati kwa kanuni hiyo. DocBook ya toleo la 5, ambayo miongozo mingi ya programu huandikwa kwayo, imesimama juu ya RELAX NG. Ukaguzi nao ulikuwa na wazee wake: McIlroy aliwahi kuyabana maneno 30,000 hivi yaenee katika kumbukumbu ya kilobaiti 64, ili programu ya spell iweze kuonyesha neno lililokosewa.

Kurasa za roff nazo zinahitaji ukaguzi, kwa sababu roff ina tabia ya kunyamaza. Ikikutana na amri isiyoijua, huiruka bila kulalamika, na maneno yote ya mstari ule hupotea. Kosa jingine ni la kistari. Katika roff, kistari cha kuunganishia maneno ni alama moja, na kile kinachotangulia chaguo za amri ni alama nyingine, inayoandikwa kwa kutanguliza mkwaju ulioinamia nyuma. Kwa miaka mingi vyote viwili vilitokea sawasawa katika kioo, waandishi wakazoea kutovitofautisha, groff 1.23.0 ilipotoka Julai 2023 ikavitofautisha, na aliyenakili amri kutoka katika ukurasa ulioandikwa ovyo akapata amri isiyofanya kazi. Watunzaji wa baadhi ya mifumo, Debian ikiwamo, waliirudisha desturi ya zamani. Nawaelewa, kwa kuwa msomaji hana hatia. Lakini haki iko kwa groff, na kurasa ndizo zinazostahili kusahihishwa.

Mimi mwenyewe nilifunzwa na ritifaa. Nilikuwa naandika ukurasa wa mwongozo wa programu yangu ndogo ya kuhesabu mizani za mashairi, nikatia ubeti wangu mmoja uwe mfano, na mshororo wake wa tatu ulianza kwa inkisari, «'kawa» badala ya «ikawa». Sikukumbuka kwamba katika roff mstari unaoanza kwa ritifaa ni amri, sawa na ule unaoanza kwa nukta. Ubeti ukatoka na mishororo mitatu, wala groff haikunena lolote, na nilikwisha uonyesha ukurasa huo kwa wenzangu kabla sijagundua. Tangu hapo sitoi ukurasa bila kuupitisha kwanza katika programu ya mandoc, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Kristaps Dzonsons, ikalelewa na Ingo Schwarze, na ambayo OpenBSD iliichagua mwaka 2010 kupangia kurasa zake. Ukiiamuru ikague, hutaja jina la faili, nambari ya mstari na ya herufi, kisha husema ilichokikataa. Nayo iliutaja mstari wangu, ikasema hiyo ni amri isiyojulikana. Nikatanguliza mkwaju na alama ya «na», ambazo kwa pamoja ni herufi bubu isiyo na upana, nikaipitisha tena. Programu haikusema neno, na ubeti ukatoka na mishororo yake minne.