Wakili wa Mshitakiwa Maskini

Ndugu msomaji, huenda umepata kusikia watu wakisema, "Wakili yule anamtetea mwuaji, naye ni mwenziwe." Neno hilo si la haki.

Itazame Mpanda, mji ulio mbali na pwani, mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua, na tangu 2012 makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Mkulima wa huko akishitakiwa kwa kuua, fedha za wakili atazipata wapi? Sheria ya 1969 iliruhusu mshitakiwa asiye na uwezo apewe wakili kwa gharama ya Serikali. Mwaka 1984 haki za raia zikatiwa katika Katiba, na Ibara ya 13 ikakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Kisha Jaji Mwalusanya, katika kesi ya Thomas Mjengi iliyomo katika ripoti za sheria za 1992, akaamua kuwa mshitakiwa lazima aelezwe kuwa haki hiyo anayo. Mwaka 2017 ikatungwa sheria mpya ya msaada huo.

Basi wakili hausifu uovu. Humwuliza shahidi: uliona kwa mwanga gani? Mtu huyu ulimjua kabla? Huuliza pia kama mshitakiwa alikiri kwa hiari au kwa kipigo. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, na aliyenyongwa kwa makosa harudi.

Nasi tuliozoea mahakama ya kadhi twaijua kanuni: mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Tusiisahau tukaapo barazani.