Chuo cha Ndani: Ukumbusho wa Mwana Kupona binti Mshamu wa Siu

Katika tarehe za elimu ya pwani yetu aghalabu hutajwa misikiti, madrasa na masheikh waliodarisisha humo, na kutajwa ni haki yao. Lakini iko taasisi nyingine, kongwe kama hizo, isiyokuwa na jiwe la msingi wala daftari la wanafunzi, ambayo mabinti wengi wa Pate, Lamu na Mombasa walipata kwayo adabu, dini na ushairi, nayo ni chuo cha ndani, walichokishika mama, nyanya na mashangazi nyuma ya kuta nene za nyumba za mawe. Yeyote atakayeiandika historia ya chuo hicho hana budi kumtanguliza Mwana Kupona binti Mshamu, kwa kuwa yeye alituachia mafundisho yake yote katika maandishi, tukaweza kuyasikia kama alivyoyatamka.

Alizaliwa katika kisiwa cha Pate yapata mwaka 1810, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji mdogo wa kisiwa hicho hicho, uliosifika kwa waandishi wa misahafu, mafundi wa ngozi na wachongaji wa mbao, na ambao, pamoja na udogo wake, uliyarudisha nyuma majeshi ya Sultani Seyyid Said yaliyotumwa kutoka Unguja. Mke wa nyumba kama hiyo hutazamwa na mji mzima: apokeavyo wageni, asemavyo na jirani, alindavyo heshima ya mumewe akiwapo na asipokuwapo. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856; na mwaka 1858, sawa na 1275 ya Hijria, mjane huyo, maradhi yakiwa yamekwisha kumshika mwaka mzima, alimwita binti yake Mwana Hashima, aliyekuwa bado mwari mchanga, akamtaka akae karibu naye na kuleta wino na karatasi, kwa kuwa alikuwa na wasia wa kumpa.

Hapo ndipo tunapoona ustadi wa mwalimu. Wasia ule hakuutoa kwa maneno matupu, bali aliutunga utendi wa beti mia na ziada, kila ubeti ukiwa na vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kwanza vikikubaliana kwa vina, na cha nne kikirejea daima kwenye kina kimoja, "ya", tangu mwanzo hata mwisho. Msichana aliyehifadhi utendi huu akasahau neno katikati, kile kina cha mwisho humvuta na kumrudisha njiani. Na katika miswada ya zamani, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti mmoja hukaa katika mstari mmoja, vipande vyake vikitengwa kwa alama ndogo, hata jicho nalo likasaidia kuhifadhi. Mama anauita wasia wake hirizi ya kumfunga mwanawe, na kidani cha lulu na marijani cha kumpamba shingoni.

Anaanza na dini, faradhi na sunna. Kisha adabu ya ulimi, ukweli, na kujiepusha na mahali pasipo na kheri. Kisha, kwa urefu kuliko yote, haki za mume, usafi wa nyumba na wa mwili, udi na maua. Wako wanaousoma utendi huu leo wakaona ndani yake utiifu tu, nami siwezi kukana kwamba utiifu umo, tena mwingi. Wala sioni sababu ya kuificha nasaha yake ya kutochanganyika na watumwa ila wakati wa kazi, ambayo ni ya zama zilizokwisha na ambayo hatuna haja ya kuirithi. Lakini anayeishia hapo hakumsikia mama mgonjwa anayejua kwamba binti yake atabaki peke yake katika mji wenye maadui, anayemfundisha namna ya kuishi na watu asidhurike, na ambaye, alipokwisha kumwusia, anageuka kumwomba Mungu kwa ajili ya wanawe na jamaa zake na Waislamu wote.

Tena hakuufungia wasia wake ndani ya nyumba moja, kwani ndani ya utendi wenyewe anawaita wanawake wote wausome na kuifahamu maana yake. Alifariki yapata mwaka 1860, na mwaka 1863 Siu ikaanguka mikononi mwa Seyyid Majid, mwana wa Seyyid Said na sultani wa Unguja baada yake, na nguvu za nyumba ya Bwana Mataka zikakoma. Utendi haukuanguka pamoja nayo. Ulinakiliwa kwa mkono, ukasomwa kwa sauti mbele ya wasiojua hati, ukahifadhiwa vifuani. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mwandishi na mchongaji hodari, akawa miongoni mwa walioupitisha kwa wataalamu wa kigeni. Alice Werner akauchapisha mwaka 1917, kisha tena yeye na William Hichens mwaka 1934 katika kitabu kilichopigwa chapa Uingereza. Leo husomwa hata katika vyuo vikuu, na wanaume kwa wanawake, ilhali ulitungwa kwanza kwa ajili ya msichana mmoja wa Siu.