Bwawa la Mkulima, Mbali na Ziwa

Naitiri haina ziwa. Iko Tongaren, Kaunti ya Bungoma, katika ardhi iliyokuwa mashamba ya walowezi Wazungu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipoanza kugawiwa Waafrika. Waliopewa vipande walipanda mahindi na kufuga ng'ombe. Samaki aliletwa na wachuuzi kutoka Ziwa Victoria, tayari amekaushwa au kukaangwa.

Miaka hiyohiyo serikali changa ya Kenya ilianza kuwahimiza raia wale samaki zaidi. Vidimbwi vikachimbwa kwa pupa, hasa mikoa ya Kati na Magharibi, vikatiwa ngege, majike kwa madume. Ngege huzaana upesi mno. Haupiti muda bwawa linafurika visamaki vya ukubwa wa kidole vinavyogombea chakula, visikue. Vifaranga bora havikupatikana, maafisa wa ugani walikuwa wachache, na kufikia miaka ya 1970 mabwawa mengi yalikuwa yameachwa yaote nyasi.

Ziwani nako mambo yaligeuka. Mbuta, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, alitapakaa kote miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikajengwa kwa ajili ya soko la Ulaya. Nyama ikapanda ndege. Mwananchi akaachiwa mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa, akaukaange. Jambo hilo lilistahili kutuudhi kuliko lilivyotuudhi.

Mabwawa yalirudi mwaka 2009, safari hii kwa fedha za Mpango wa Kuchochea Uchumi: majimbo 140, kila jimbo mabwawa 200, kila bwawa mita 300 za mraba na vifaranga 1,000. Mavuno ya samaki wa kufugwa nchini, ambayo mwaka ule hayakufika tani 5,000, yalipita tani 24,000 mwaka 2014. Miaka miwili baadaye yalikuwa chini ya tani 15,000.

Kwa nini? Chakula cha bure kilikoma, na chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji. Ugani ulikabidhiwa kaunti mwaka 2013, nazo zilikuwa bado zinajifunza kutembea. Madukani, samaki wa barafu kutoka China aliuzwa bei ya chini ambayo mkulima mdogo hakuweza kuifikia. Lakini kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba waliopanga walihesabu mabwawa na vifaranga, wakasahau mnunuzi.

Mfugaji mdogo akikausha bwawa, samaki wote hutoka siku moja. Hana jokofu. Kufikia jioni atauza kwa bei ya dalali au ataozewa. Akijua mapema kwamba shule fulani inataka kilo kadhaa Ijumaa, hoteli ya sokoni Jumamosi, na majirani watano wanamsubiri, huvuta wavu kidogo kidogo, akawaacha wadogo waendelee kunenepa. Hiyo haihitaji bajeti ya taifa.

Kwa hiyo, msomaji wa Naitiri, Kimilili au Kitale, ukinunua samaki muulize muuzaji ametoka bwawa la nani. Ikiwa ni la jirani, chukua nambari yake ya simu, na uagize kabla hajavua.